Muhuri wa Njegere

Karani wa hati za mboga alipuliza muhuri wake mara tatu kama anayepoza chai, kisha akaurudisha mezani bila kuugonga. Mkulima wa njegere roho ilikuwa juu. Bila hati ya kuthibitisha kuwa mboga zimelimwa humu nchini, mkataba wa biashara huria haumsaidii kitu. Ushuru wa ng'ambo ungezimeza njegere zake hadi maganda. Na lori la kuzisafirisha lilikuwa likinguruma nje.

“Dada, nitajuaje hukuzinunua kwa majirani wa ng'ambo ya mpaka?” karani akauliza.

Mkulima akavua buti moja, akaligeuza. Udongo mwekundu wa shambani kwake ukamwagika juu ya mafaili. Karani akacheka hadi miwani ikamdondoka, akagonga muhuri, pu!

“Basi, dada, yatosha! Hilo la pili libaki mguuni, nisije nikaanza kupalilia ofisini.”