Mche Niliouficha Kwenye Kiondo

Wacha nisimulie mwenyewe, maana huku Mukurweini hadithi hii imetiwa chumvi mpaka inasemekana nilivua nguo zote, na si kweli, sketi ilibaki.

Nilikuwa nimemwalika Mama Ndirangu wa Mweiga, mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu Wangechi, tukatembelee lile jumba la mzungu wa zamani upande wa Nanyuki, lile watu huliita Kasri, kabla wao hawajaja kwetu kuzungumza mambo ya mahari. Nilitaka anione mtu wa heshima zangu, si mama wa kuchuma kahawa tu. Lakini Kasri lenyewe, jamani, vyumba baridi kama stoo ya viazi, beseni la kuogea lina miguu ya simba (simba wa kuoga), na bustani kubwa ajabu bila hata shina moja la sukuma wiki. Nikatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, kwamba mzungu huyo alikuwa mwizi mtupu, alichukua ardhi ya babu zetu akaipanda maua. Mama Ndirangu akaguna tu, ni mtu wa maneno machache.

Sasa, kulikuwa na ua moja la zambarau likanishika roho. Na kwetu kila mwanamke anajua mche wa kuombwa haushiki, wa kuibwa ndio humea (usiniulize nani aliupima). Mama Ndirangu alipoinama kufunga kiatu, nikang'oa mche mmoja na mizizi yake na udongo wake, nikauzungushia kitambaa, nikautia ndani ya kiondo, kikapu changu cha begani, nikaendelea kumtukana mzungu.

Tukapanda juu kwenye chumba cha kulala. Dada wa kutuongoza, mpole sana, mtu wa Kakamega, alikuwa akitueleza vile kitanda kililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, mimi nimebetua midomo, ndipo kitu kikaniuma kwapani, halafu mgongoni, halafu mahali ambapo sisemi. Kumbe nilikuwa nimebeba ukoo mzima wa siafu, na siafu hajali kama uko na mkwe. Nikatupa sweta, nikatupa blauzi, nikaruka kamba ya kuzuia wageni, nikajibwaga kwenye kitanda cha watu nikijikuna, na kiondo kikamwaga kila kitu juu ya shuka jeupe, mche ukiwa mbele.

Yule dada akauokota, akauangalia. "Mama, hii tunapeana bure hapo kwa gate. Ungeuliza tu."

Mama Ndirangu alikuwa ameniokotea blauzi, ananitoa siafu kwenye nywele mmoja mmoja, wala hacheki.

"Mama Wangechi," akasema polepole, "hata huyo mzungu alianza hivyo tu, na kipande kidogo."

Nilijua harusi ya mtoto wangu nimeiua. Wiki tatu nilimwambia Wangechi watu wa Mweiga wamecheleweshwa na barabara mbovu, kumbe naficha aibu yangu. Lakini wakaja. Mama Ndirangu akashuka wa kwanza na mkebe mkuukuu wenye ua la zambarau, akaniwekea mikononi mbele ya wazee wote.

"Hii niliomba," akasema.

Limemea vizuri, lishenzi lile. Nalimwagilia kila asubuhi nimeuma meno, kitu cha mtu sigusi tena hata jani, na kumtukana yule mzungu nimewaachia walio na mikono safi.