Kinyozi wa Kuta

Katika mji mkuu wa nchi moja, nyumba huota kama kucha. Mawe ya kuta huvimba kutoka ndani, polepole, yakausukuma uso wa ukuta chumbani, na mwenye nyumba akizubaa anakuta kabati halifunguki na kitanda kimebanwa pande zote. Mfalme naye hakusalimika. Enzi za babu yake ukumbi wa ikulu uliachwa bila kunyolewa, mawaziri wakawa wanaingia kwa ubavu, na wale wanene wakajiuzulu wenyewe.

Ndiyo maana mji una vinyozi wa kuta, wanaochonga mawe yaliyoota. Mwanamke mmoja alikuwa miongoni mwao, na watu walimwita Kiguu-na-Njia, maana kukaa kitako hakukuwa kwake. Asubuhi begi la tindo na nyundo begani, huyo mtaa wa wafinyanzi. Mchana yuko kwa wauza mikate. Jioni anarudi nywele nyeupe kwa vumbi la mawe. Hata msibani alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, wenzake wakilia. Mumewe, fundi viatu mwenye utani usioisha, alisema siku akifa mkewe ataligonga jeneza kwanza aone kama limevimba.

Ila mwaka huo hakuhangaika bure. Chumba cha baba yake kilimnyima raha.

Mzee huyo, kinyozi mstaafu na mjane, aliishi nao ua mmoja, chumba chake na chao vikigawana ukuta. Penye kitanda chake, mkewe, mama wa Kiguu-na-Njia, alikuwa akikaa kila jioni akishona, kichwa amekiegemeza ukuta wa pili, wa upande wa mlango, na mafuta ya nywele zake yakaacha duara jeusi kwenye jiwe. Mama alikufa, duara likabaki. Ukuta ulivyozidi kuota, duara nalo likazidi kukisogelea kitanda. "Mama yako anakuja," mzee alikuwa akimwambia, kwa furaha ya kukera.

Sasa vinyozi wana kanuni yao moja, wala hawaitanii: kinyozi hanyoi nyumba yake, kwa kuwa mkono wenye mapenzi hubakiza. Nyumba yako ananyoa mwenzako. Lakini wenzake kila walipokuja, mzee aliwatimua kwa fimbo. Mwaka uliotangulia, siku mzee alipotoka kwenda sokoni, bintiye akajifungia humo akanyoa mwenyewe kimyakimya. Ukuta wote ulikwenda vizuri mpaka alipolifikia duara. Hapo mkono ukagoma. Akalizunguka, akaliacha, akajiambia atarudi. Jiwe lililoachwa katikati ya yaliyonyolewa huota kwa pupa, kila kinyozi anajua hilo, na yeye alilijua kuliko wengi. Likatoka kama kitambi, likaanza kuelekea mlangoni.

Tena usimwonee huruma haraka. Chumbani kwake mwenyewe, nyuma ya kabati, kwenye ule ukuta waliogawana na mzee, kulikuwa na mistari ambayo mama alimchorea kwa kisu cha jikoni akimpima kimo, tangu anasimama dede mpaka anaolewa. Alikuwa akiwabembeleza vinyozi wenzake wairuke sehemu hiyo, na wao, kwa aibu, wakairuka. Kabati lilikuwa limeshafika katikati ya chumba. Fundi viatu alilala amejikunja, akisema muda si mrefu watalala mto mmoja na kabati.

Siku mambo yalipofika ukingoni, Kiguu-na-Njia alikuwa ikulu, ukumbi unaandaliwa kwa wageni. Tangu asubuhi roho yake ilikuwa juu. Alijigonga kidole gumba, akanyoa pembe iliyokwisha kunyolewa, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Kisha akakusanya vifaa vyake, akaondoka kazi ikiwa nusu, jambo ambalo maishani mwake hakuwahi kulifanya.

Alimkuta mumewe mlangoni kwa mzee, bega limemchubuka kwa kusukuma. Kitambi cha jiwe kilikuwa kimeukamata mlango, upenyo uliobaki ni wa kupitisha mkono tu. Dirisha lilishajifumba siku nyingi. Fundi viatu alikuwa akimnywesha baba mkwe wake maji kwa kijiko, kwa kuwa kikombe hakikupita.

Akaingiza tindo upenyoni.

"Usimguse mama yako," mzee akasema kwa ndani, taratibu kabisa.

"Utafia humo, baba."

"Basi nitakuwa karibu naye."

Binti alikasirika, na chini ya hasira ile kulikuwa na woga mtupu. Jiwe lile alilibakiza yeye. Hakuwa na wa kumlaumu.

Akachomoa tindo, akaingia chumbani kwake, akamwita mumewe wasukume kabati. Akasimama mbele ya ile mistari kitambo kifupi. Ule wa chini kabisa ulimfika pajani. Halafu akapiga. Hakuruka hata mmoja; alipiga mfululizo, vipande vikimrukia usoni, mumewe akivikokota nje kwa ndoo bila utani wowote. Jua lilipokuwa linazama, tundu la kupita mtu, hadi chumbani kwa mzee, likawa tayari.

Mzee akapita ameinama, vumbi limemjaa kope. Alitaka kusema jambo la kuchekesha, ilionekana. Kisha akaona ukingoni mwa tundu mstari mmoja uliosalia, kipande cha mstari, akaugusa kwa kidole.

"Ulikuwa unasimamia vidole," akasema. "Ili uonekane mrefu. Mama yako alikuwa anajua, anachora hivyo hivyo."

 

Mzee akageuka, akatazama kupitia tundu hadi ng'ambo, kwenye kitambi chenye duara jeusi. 

"Kanyoe ule ukuta," akasema.

Neno hilo binti alilisubiri mwaka mzima, na lilipokuja halikumpendeza hata kidogo. Akasema kesho atamwita mwenzake.

"Nimesema wewe."

"Kanuni unaijua, baba. Mkono wangu utabakiza."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Akaingia tunduni na tindo lake, akaketi pale kitandani alipokuwa akiketi mama, ukuta umemkaribia kiasi kwamba kichwa chake kililigusa duara kabla hajaegemea. Akatulia hivyo kidogo. Baadaye akageuka, akapima kwa jicho, akapiga kwa wepesi ambao ikulu hawajawahi kuuona kwake. Kipande cha kwanza kikaangukia shuka, akakiokota akakigeuza. Jiwe lilikuwa jeusi hadi ndani, na pale ukutani kilipotoka, duara lilikuwa bado lipo.