Shuka Kwenye Nyonga

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa sajini kutoka kaskazini, tukakulia kwenye nyumba za wanajeshi kule Makindye, na ni kwa Kiswahili tuligombana, tukachekeshana, tukachapwa. Kwa hiyo nilipokuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja hapa Kampala, kila alipoletwa Mkenya au Mkongo, wauguzi wenzangu waliniita. "Njoo, jamaa zako hao." Wengi wa wenzangu hao bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, na sikuwalaumu. Ila ilimaanisha kwamba kila neno alilolipata mama wa msichana ninayetaka kumsimulia, alilipata kwangu mimi.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Polisi walimleta msichana nyuma ya pikapu yao. Lori lilikuwa likirudi nyuma karibu na soko la Kamwokya, likambana ukutani yeye na pikipiki aliyopanda.

"Sista," afande mmoja akaniambia, "hii msichana loli ilimbana kwa ukuta. Yeye naongea mzuli tu, lakini miguu nakataa."

Kweli alikuwa anaongea. Aliniuliza kiatu chake cha pili kiko wapi.

Wanaoongea ndio wanaotudanganya. Mfupa wa nyonga ukivunjika na kufunguka, damu humwagikia ndani, na humo ndani mna nafasi ya kumeza damu ya kumwua mtu huku sakafu ikibaki safi. Hatuna cha kutazama ila presha na mapigo ya moyo. Tukamfunga shuka. Si kiunoni, pale wanawake wanapofungia leso, bali chini zaidi, mapaja yanapokutana na nyonga. Tukaivuta watu wawili, mmoja kila upande, tukaikaza kwa fundo, na magoti tukayafunga pamoja. Shuka ya kitanda tu, ya kawaida. Inabana mifupa irudiane, na damu ndani inapata utulivu wa kuganda. Kisha tukamtundikia mifuko miwili ya damu.

Daktari wetu, kijana mwenye akili nyingi na dharau ya kutosha, alikuwa na karatasi yake ya kutabiri. Presha ilikuwa ngapi alipofika? Ilipanda baada ya mfuko wa kwanza? Ilibaki juu baada ya wa pili? Mwishowe karatasi inakwambia nani atatoshwa na shuka na damu, na nani akimbizwe kupasuliwa kabla hajachelewa. Mimi sikuhitaji karatasi. Nilishika kidole gumba cha mguu, kama kina joto au baridi, nikasema huyu anabaki, huyu anaondoka. Nilipatia mara nyingi, wakanisifu, nami nikazisadiki sifa zenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Presha ya msichana ilipanda, ikabaki juu. Daktari akanipa maneno ya kumpelekea mama yake: kwamba mwanawe ameitikia matibabu, kwamba saa chache zijazo ndizo zitakazoamua, kwamba asigeuzwe, na shuka isilegezwe hata kidogo, kwa sababu damu iliyoganda bado ni changa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitenge begani. Alikuwa na wiki tatu tu Kampala. Binti alikuwa akiuza kwenye duka la simu, akamwita kutoka kwao magharibi ya Kenya aje aone anakoishi. Akanishika mkono.

"Sista, niambie ukweli. Huyu mtoto wangu atapona?"

Nikagusa kidole gumba cha msichana. Kilikuwa na joto.

"Mama, ameitikia dawa. Huyu anabaki."

Nilitaka kuendelea. Naapa nilitaka. Lakini alipiga magoti palepale akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, na nikaona haya kumkatiza mtu katikati ya sala. Na niseme kweli, nilipendezwa. Katika kazi ile watu hukulaumu kutwa nzima, na hapa palikuwa na mtu anayenitazama kwa macho ya shukrani. Wakaingizwa majeruhi wengine wawili. Nikaenda kumtafutia mmoja wao mshipa.

Kwa asiyejua hospitali zetu, muuguzi hutoa dawa na kupima. Kuosha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha nguo, hiyo ni kazi ya jamaa. Jamaa huja na beseni, sabuni, na mkeka wa kulalia chini ya kitanda. Asiye na jamaa hunuka mpaka jamaa wa kitanda cha pili wamhurumie. Na mkuu wetu wa wauguzi alikuwa mkali kama pilipili, hataki daktari mkubwa apite akute mgonjwa mchafu. Kwa hiyo swali la kumwosha mgonjwa tunaulizwa kutwa, na jibu lake tunalo mdomoni tayari.

"Sista, naweza kumwosha? Amejikojolea."

Nilikuwa nimeinamia mkono wa mtu mwingine, sindano vidoleni. Sikuinua kichwa.

"Ndiyo, mama. Maji ya moto yako mwisho wa korido."

Alimwosha vizuri. Alifungua lile fundo, kwani shuka ilikuwa imelowa mkojo, na mama gani angemwachia mwanawe shuka ya mkojo? Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akamsugua mgongo, akamvalisha kitenge chake mwenyewe, kisafi, akakifunga kiunoni. Nilipogeuka msichana alikuwa ananukia sabuni, na midomo imempauka. Tukamfunga shuka nyingine, tukakimbia naye kwenye chumba cha upasuaji. Alifia mezani kabla ya saa nane mchana.

Wiki iliyofuata tukakaa kikao cha kujadili vifo. Daktari alisoma karatasi yake mstari kwa mstari. Kwa alama zote, akasema, huyu alipaswa kuishi. Alitaka kujua utabiri ulikosea wapi. Ungedhani kilichozikwa ni karatasi. Akauliza, kuna kitu kilibadilika?

"Jamaa walimfungua," nikasema.

Nikaishia hapo. Watu wakatikisa vichwa, jamaa hawa, jamaa hawa! Mkuu akaamuru libandikwe tangazo ukutani kwamba jamaa wasiguse shuka za waliovunjika nyonga. Likaandikwa kwa Kiingereza na Kiganda. Mimi mwenye Kiswahili nililitazama likibandikwa, nikanyamaza. Tangu siku hiyo najichukia, na sioni sababu ya kuacha.

Nimejitetea sana moyoni. Daktari angejifunza Kiswahili. Wauguzi wangeongezwa, tusiwe wawili kwa chumba kizima. Fundo lile lingeandikiwa onyo. Yote ni kweli, lakini aliyesema "ndiyo, mama" ni mimi.

Mama alirudi baada ya mazishi. Alivuka mpaka tena, safari yote ile, kuja kuchukua vitu vya binti yake, na akaja hospitali kunitafuta. Alinikuta koridoni. Alikuwa na mfuko wa unga wa wimbi, akaniwekea mikononi.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Wale wengine wangenifukuza. Wewe uliniacha nimwoshe akiwa hai. Aliniambia, mama, hayo maji ni mazuri, yana joto. Hakuniambia neno lingine tena. Nikilala nalisikia hilo, ndiyo naweza kulala."

Korido ilikuwa tupu. Nilikuwa na nafasi, na lugha ninayo. Nikafungua mdomo. Akadhani nalia, akaweka kiganja chake kichwani pangu, akamwomba Mungu aibariki mikono yangu na kila mgonjwa nitakayemgusa.

"Amina," nikasema.