Helmet ya marehemu mdogo wangu iliendelea kurekodi

Wakuu, salaam. Haya yametokea nyumbani kwetu Murukulazo, Ngara, na yote ni kweli. Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana.

Mdogo wangu Deo alikuwa bodaboda Rusumo. Aligongana uso kwa uso na lori, akafia palepale. Dereva anasema Deo ndiye aliyehama upande. Sisi tunajua alivyokuwa mwangalifu barabarani, lakini hatuna ushahidi.

Tumaini letu likabaki kwenye kamera ya helmet yake, iliyorudishwa nyumbani pamoja na vitu vyake.

Kwa msiozijua, kuna za kufunga juu ya helmet, zinaona mbali ila upepo unazitikisa sana. Kuna za pembeni, hizo zinachosha shingo. Ya Deo ilikuwa ya kidevuni, inaonyesha hadi mikono ya dereva. Ukiitikisa inajiwasha yenyewe. Memory card ikijaa, inafuta clip za zamani na kuandika mpya juu yake.

Kwenye msiba nani akumbuke kamera? Tulishtuka baada ya matanga, nikachomeka card kwenye laptop.

Clip ya kwanza: migomba. Migomba yetu.

Nikacheki tarehe. Deo alikuwa ameshazikwa.

Kamera iko usawa wa kichwa cha mtu, inatembea taratibu, na mtu anasikika akipumua ndani ya helmet. Ikafika kaburini, ikasimama. Sauti nzito ikasema kwa Kihangaza, "Mama, nimerudi."

Nikaongeza volume.

Halafu sauti nyingine, ya chini. "Karibu mwanangu. Umekula?"

Nilitaka kufunga laptop. Ndipo mikono ikaingia kwenye picha, ikaanza kung'oa majani kaburini. Kidole kimoja kimepinda.

Ni mama yangu. Sauti zote mbili ni zake.

Clip zote zilikuwa hivyohivyo, card nzima. Ajali haikuwemo tena.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Kamera ilikuwa kwenye chaji ya sola, kama Deo alivyozoea kuiweka. Nikamuuliza kwa nini anavaa ile helmet.

"Bado ina harufu yake," akasema. "Na nikiongea humo ndani, namsikia yeye."

Nilishindwa kumwambia alichofuta.

Nilichojifunza: ajali ikitokea, chomoeni card siku hiyohiyo, hata kama mnalia.

Wataalamu, clip iliyoandikiwa juu inaweza kurudi? Na mliowahi kufiwa, nishaurini: nimwambie mama, au nimrudishie card yake aendelee?