Lori Linaloumwa Mbele ya Wanajeshi

Saa nne asubuhi, uani kwa mfanyabiashara Bilali mjini Kamina, fundi Lumbala Ézéchias amechuchumaa kando ya lori kuukuu ambalo injini yake ameiunda upya. Macho yake yako kwenye saa ndogo ya kupima presha ya oili aliyoing'oa kwenye trekta bovu, ambayo huitunza ndani ya soksi.

Injini ikiwa baridi, mshale unasimama kwenye nne. Baada ya dakika ishirini oili inapata moto, na mshale unateremka: tatu, mbili, moja. Lumbala anazima.

"Uko unaona?" anasema. "Ya baridi iko muzima. Ikipata moto tu, inakufa. Mara tatu nimefungua hii moteur."

Mara ya kwanza alishuku beringi, ya pili pampu, ya tatu chujio la oili. Vyote vizima. Ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza chini ya malori. Leo amebaki kutukana chuma.

Tangu vita ianze mwaka jana, lori linalowaka hapa ni lori la jeshi. Ndiyo maana wenye malori huzibomoa injini na kuzitawanya. Ya Bilali ilikaa miezi minane katika nyumba mbalimbali: krenki chini ya kitanda cha mkewe, Sauda, pampu ndani ya pipa la unga kwa jirani. Vidude vyote vidogo vilikuwa kwa Nathalie, mke wa Lumbala, aliyevifunga kimoja kimoja kwenye vitambaa.

Nathalie alikufa mwezi wa tatu. Ilikuwa homa tu, lakini dawa haikupatikana.

"Yeye njo alijuaka fashi ya kila kintu, kila kimoja kiko wapi," anasema Lumbala. "Alilala siku tisa. Nilimuuliza kama anataka maji. Mambo ya moteur sikumuulizaka. Unaweza kuuliza muke anakufa mambo ya moteur?"

Anafungua kizibo kimoja ubavuni mwa injini, sehemu pekee ambayo hajaigusa tangu aifunge. Inatoka springi ndogo kuliko kidole. Kazi yake ni kuibana oili isirudi chini kabla ya kuzunguka injini. Anaiminya kwa dole gumba, na inalala bila ubishi. Kisha anaona mkwaruzo wa tupa pembeni yake, alioutia mwenyewe, na uso wake unabadilika.

Si ya lori hili. Ni springi chakavu aliyoitoa mwaka jana kwenye lori jingine, lile lililompeleka mkwewe; ilichanganyika na vidude alivyovifunga Nathalie.

Mkwewe anaitwa Mbuyi, dereva, mume wa binti yake Émerence. Lumbala alilitengeneza lori lile vizuri mno. Lilitoka gereji saa tatu, na saa sita wanajeshi walikuwa wamekwisha kulichukua pamoja na dereva wake. Hajarudi, na hakuna aliyewahi kutoa maelezo. Émerence amebaki Kabongo na watoto watatu, na sasa mapigano yanasogea upande huo. Treni haiendi tena. Lori hili ndilo pekee linaloweza kuwaleta.

"Miye njo nilimuuza Mbuyi," anasema. Anasema kwa hasira, na hasira yenyewe haina wa kumpiga. "Ningelitengeneza mubaya, angelikuwa kwake."

Mahali ilipo springi ya kweli alipajua Nathalie peke yake. Lumbala anaingiza mkono mfukoni, anatoa sarafu ya zaire, pesa ambayo haimnunulii mtu hata kiberiti, anaisugua kwa tupa na kuiweka nyuma ya springi ili iibane. Injini inawashwa. Dakika ishirini zinapita, kisha thelathini. Mshale umekaa kwenye tatu.

Bilali anapiga makofi. "Papa Lumbala! Inapona!"

"Papa Bilali, nyamaza. Baaskari balisikia ile makelele ya moteur."

Anazima, anafungua tena kizibo, anatoa sarafu huku oili ya moto ikimuunguza vidole. Ameirudisha springi bila sarafu na ameanza kujifuta mikono wakati jeep inaposimama mlangoni. Kapiteni anaingia na askari wawili, anaamuru lori liwashwe, na wote wanausubiri mshale. Unateremka: tatu, mbili, moja.

"Inafika Luena?" anauliza kapiteni.

"Chef, mbele ya kufika Luena itakwama. Coussinet yote, beringi zake, itayeyuka."

Kapiteni anapiga teke gurudumu na kuondoka. Lumbala anaketi chini. Mkono mmoja bado umeikamata sarafu.

Mpango wake ni mfupi: sarafu irudi mahali pake, alfajiri moja ambayo hakuitaja, kilomita mia mbili hadi Kabongo, Émerence na watoto wapande, warudi. Usukani ataushika mwenyewe. Hataki tena kumpa lori mtoto wa mtu.

Alituomba sisi waandishi tusiandike upesi.

"Ngoya siku kumi," alisema. "Kama nimerudi na batoto, nitaificha tena moteur, hata baaskari bakisoma. Kama sirudi, hakuna kintu ya kuficha. Andika yote."

Leo ni siku ya kumi na nne. Uani kwa Bilali pamebaki doa la oili, na Sauda, mke wa Bilali, kila asubuhi anaweka pembeni unga wa watu watano ambao bado hawajafika.