Alama Sita za Mwalimu

Kiwanda cha chapa nilichofanyia kazi kilikuwa chumba kimoja kwenye mteremko wa Nakasero, chenye mashine moja na meza ya kupangia herufi za risasi. Mhindi aliyenifundisha kazi alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na kiwanda kikapewa afande mmoja aliyejua uchapaji kama mimi nijuavyo kuendesha kifaru. Mhindi aliniachia sharti moja: ukurasa haufumuliwi, yaani herufi zake hazirudishwi visandukuni, mpaka mwenye kitabu auone kwenye karatasi ya majaribio na kutia sahihi pembeni.

Ndipo akaja mwalimu wa hesabu na kitabu chake. Kilijaa alama ndefu za integrali, zilizopinda juu na chini, nasi hatukuwa nayo hata moja. Kuagiza ng'ambo? Wakati ule hata sabuni tuliitafuta kwa tochi. Nikachukua herufi f ndogo za mlazo, zile zilizoinama, za saizi nene, nikazisugua kwa tupa mpaka kile kijiti cha katikati kikaisha. Nikapata sita. Mwalimu alizitazama moja moja, akacheka mpaka akafuta macho.

"Fundi, wewe ni mwizi wa herufi!"

Basi tukaenda ukurasa mmoja mmoja: napanga, anasahihisha, nachapa, nafumua, zile sita zinahamia ukurasa unaofuata. Alikuja kila adhuhuri. Nilimpenda, ingawa alinichosha. Tarakimu ndogo ya kichwani mwa alama ikishuka kidogo tu, alinirudisha mezani.

Karatasi ya majaribio ya ukurasa wa kumi na tisa alikwenda nayo kwake Kasubi. Kesho yake hakuja. Mpiga picha wa jirani akaninong'oneza kwamba askari kanzu wamemtia mwalimu kwenye buti ya gari mchana kweupe, watu wakitazama viatu vyao. Sikuuliza kwa nini.

Ukurasa wake niliufunga kwa uzi herufi zisitawanyike, nikauweka kando. Wiki ya pili afande akauona.

"Hii nini nakaa bure hapa?"

"Ya mwalimu, afande. Bado hajatia sahihi."

"Mwalimu gani? Fungua! Mimi nataka kadi ya harusi ya dada yangu, na herufi yote iko humu. Na hiyo jina sitaki kusikia tena."

Mimi ni mtu wa hasira. Nyumbani nilizoea kugomba kwa ajili ya chumvi. Siku ile nilisema, "Ndiyo, afande." Nikajiambia mwenye nguvu mpishe, methali ambayo nimeichukia tangu hapo. Uzi niliukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku tatu baadaye akaja mke wa mwalimu, amevaa gomesi safi, vazi la heshima la Kiganda, na karatasi imekunjwa mkononi.

"Ssebo, bwana, mimi sijui hii hesabu. Nimepata katika koti yake, ile ameacha nyumbani. Nafikiri ni ya wewe."

Mwalimu alikuwa amezungushia penseli tarakimu moja iliyoshuka. Pembeni alikuwa ametia sahihi.

"Kitabu iko karibu kuisha?" mama akauliza.

Alama sita zilikuwa kwenye kopo, hatua moja kutoka nilipo. Nyuma yangu mashine ilikuwa ikitema kadi za harusi kwa herufi za ukurasa ule, na afande amesimama mlangoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Bado, mama," nikasema.

Alirudi Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata, na nyingine nyingi. Kila mara nilimjibu bado, naye kila mara alinishukuru.