Kuchagua Buti za Kupandia Lupanga

Katika siku zote nilizokaa sokoni, mwanangu Zuhura, naikumbuka moja kuliko nyingine: siku Bi Nyamizi aliponinyang'anya buti nilizokuwa nimezichagua, akaitumbukiza moja kwenye ndoo ya maji mbele ya watu, nami nikacheka. Nilicheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru, na mtani akikuchukulia kitu chako hununi. Ukinuna, watu watasema hukulelewa.

Nakusimulia haya leo kwa kuwa Jumamosi unawapokea wageni wako wa kwanza, wale vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kupanda mlima wetu wa Lupanga wakiwa wamevaa kama wasafiri wa enzi za babu zao. Asubuhi nimepita dukani kwako. Nimeona buti za ngozi, mabegi ya turubai, makoti ya kaki, kofia za pama, hata taa za chemli ulizozisugua mpaka zinang'aa. Nimependa, sikufichi. Wenzangu hapa Bigwa wananiambia, "Mjukuu wako anauza makuukuu," nami nawajibu kwamba ya kale ni dhahabu, na kwamba wao ndio waliozitupa hizo chemli, sasa wanaona wivu. Una jicho zuri, mwanangu. Umelirithi kwangu, na sioni haya kulisema hilo.

Ila nilipokuuliza zile buti nyekundu ulizoziweka mbele umezipimaje, ulinijibu, "Bibi, hizo ni kali sana, wateja wanataka mwonekano." Basi kaa hapa, nikupe habari za mwonekano.

Enzi hizo nilikuwa msichana, nauza mitumba sokoni mjini. Belo likifunguliwa, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kufika kwenye nguo nzuri, na waliokuwa wakubwa zangu walilijua hilo na wakanichukia kidogo. Kaka yangu Kibwana alikuwa amepata kazi ya kuwaongoza wageni waliokuja kupiga picha za mlima. Walitaka kila kitu kionekane cha zamani, na kiongozi wao naye afanane na bwana misitu wa enzi zile: kaptula, koti zito, buti ndefu. Kibwana alikuwa amekulia kwenye njia za Lupanga akitembea peku, vidole vyake vikishika kila mzizi. Buti hakuwahi kuwa nazo. Kumvalisha ikawa kazi yangu, na nikaiona kazi ndogo.

Nikazipata. Ngozi ya kahawia, ndefu kupita kifundo cha mguu, vitundu vya kamba vimezungushiwa shaba. Soli yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilizishika juu kila mtu azione, maana nilikuwa napenda kuonwa. Bi Nyamizi alikuwa jirani yangu pale sokoni, mama mtu mzima, muuza viatu, mdomo wake haukuwa na likizo.

"Mluguru!" akaita, soko zima likageuka. "Buti hizo unampelekea nani, mzimu?"

"Nampelekea mwenye miguu," nikamrudishia. "Nyinyi mliotembea peku kutoka Tabora mpaka pwani na mizigo kichwani, viatu mmevijulia wapi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikajiona nimeshinda. Hilo ndilo kosa letu sisi wenye watani. Tumezoea kutukanwa kwa mapenzi, kwa hiyo hata tukionywa tunatafuta tusi la kurudisha. Bi Nyamizi alikuwa ameniambia jambo la kweli kabisa, kwamba buti zile hazimfai mtu aliye hai, mimi nikajipigia makofi mwenyewe.

Ndipo aliponyoosha mkono akazichukua. Akaitosa moja kwenye ndoo, akaiacha humo huku akiendelea kumhudumia mteja wake na kunitania kuhusu ukoo wangu. Alipoitoa aliishika kwa mikono miwili, akaikunja kama mtu anayekamua nguo. Soli ikaachia kuanzia kidoleni, ikaning'inia. Hakukuwa na uzi hata mmoja. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na gundi ile ilikuwa imekauka zamani, kiatu kikiwa kimekaa tu bila kuvaliwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Watu wakacheka tena, nami nikacheka nao. Bi Nyamizi hakucheka.

"Utani nimeuweka chini," akaniambia polepole. "Nani anapanda na hizi?"

"Kaka yangu, mama."

"Kwenu mna kaka wangapi?"

"Huyo huyo mmoja."

Alikuwa amekaa na Waluguru miaka mingi, anajua kwetu ukoo unapita kwa mama, na mtoto wa kike akizaa, anayesimama kwa ajili ya wanawe ni mjomba wao. "Yaani wanao watakuwa na mjomba mmoja tu duniani," akasema, "na huyo ndiye unayemvalisha gundi iliyokufa?"

Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, mengine nimeyasahau hata kabla ya jua kuzama. Hilo sijalisahau mpaka leo. Mpaka dakika ile nilikuwa nikimwona Kibwana ndani ya picha. Sikuwa nimemwona juu ya jabali lenye utelezi.

Tulichagua upya, na tulichagua vitu vya zamani vilevile, usije ukadhani alinikataza. Yeye mwenyewe alivipenda. Alisema mafundi wa kale walishona vitu vya kurudiwa kushonwa, ndiyo maana vinastahili kutafutwa. Alinipa buti zenye sura ya uchovu, zimekunjamana, zina kiraka pembeni, lakini soli imeshonwa kuzunguka kwa uzi mzito, na uzi wenyewe tuliuvuta ukagoma. Tukazipaka nta na mafuta mpaka maji yakawa yanateleza juu ya ngozi. Begi la turubai tulilitundika kwenye msumari, nikaambiwa nining'inie kwenye mikanda yake mbele ya watu wote, na kila mshono niliouogopa tukaushona tena. Koti la kaki tulilibakiza kwa ajili ya picha, ila Bi Nyamizi alinieleza kwamba pamba nzito ikilowa hunywa maji na kukupa baridi, na akanitafutia sweta la sufu la kuvaa ndani. Alilinusa, akaligeuza nje ndani, akaliangalia kwapani na viwikoni kabla hajalitazama rangi. Tangu siku hiyo sijawahi kununua nguo bila kuigeuza kwanza. Upande wa nje umetengenezwa kwa ajili ya watazamaji.

Kibwana alipoziona buti zile alinuna. "Dada, nitaonekana kama mkata kuni," akasema.

"Mradi uonekane ukirudi," nikamjibu.

Akazivaa huku analalamika, akazunguka nazo kijijini, akapanda na kushuka kilima cha nyuma ya nyumba mpaka zikamzoea. Hilo nalo lilikuwa agizo la Bi Nyamizi. Buti ngeni mlimani ni adui wa pili baada ya mvua.

Siku ya safari walipanda salama na picha zao wakapiga. Mvua iliwakuta wakati wa kushuka, na wewe unaijua Lupanga ikilowa, mizizi inakuwa kama imepakwa sabuni. Kibwana alikuwa mbele. Mguu mmoja ukateleza, mwingine ukaingia chini ya mzizi na kukwama, na yeye akaangukia upande wa korongo, kichwa chini, begi zito likimvuta. Kilichomshikilia ni ile buti iliyokwama. Ngozi ikachanika mpaka kwenye kifundo. Uzi wa soli haukukatika. Wageni walimvuta kwa mikanda ya begi lake, na mikanda nayo ikastahimili. Kisha wakakaa wote kwenye mvua mpaka mguu wake ukakubali kukanyaga, naye baadaye alituambia kwamba mwili mzima ulikuwa umelowa lakini kifuani palikuwa na joto.

Alifika nyumbani jioni anachechemea. Mama alipiga yowe, mimi nililia bila aibu yoyote, na siku iliyofuata nilikwenda sokoni kumpa habari mtani wangu. Unajua alinijibu nini? "Kwa hiyo kaniharibia buti." Halafu akanikumbatia.

Sasa fikiri, mwanangu. Kibwana ndiye aliyesimama kama mjomba siku mama yako alipoolewa. Ndiye aliyemkatia mama yako kipande cha shamba la ukoo hapa Bigwa, na juu ya kipande hicho wewe umejenga duka. Korongo lile lingemchukua, nani angesimama? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wakati mwingine guu lenyewe si lake, ni la mtu aliyemwamini.

Basi shika ninayokuambia. Vitu vya zamani endelea navyo, ni riziki nzuri na vina heshima yake. Kabla hujaipa sura nafasi, kila kitu kikunje, kilowanishe, kivute, kigeuze. Kilichobandikwa kishone, na kisichoshoneka kiuze kama pambo la sebuleni, umwambie mnunuzi waziwazi kwamba hicho hakipandi mlima. Kiatu kisitoke dukani siku ya safari; wape mapema, wakivae, kiwazoee. Na zile buti nyekundu nataka uzikunje leo, mbele yangu, kwa mikono yako. Zikiachia, utanuna kidogo na itapita. Zikishika, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuzisifia sokoni, na sauti yangu unaijua.

Atakayeingia dukani kwako, mwulize kwanza nani anamsubiri nyumbani. Saizi ya mguu utamwuliza baadaye.

Haya, nenda kafungue. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe wapandaji wengi kila msimu, na jioni awarudishe wote kwa watu wao.